Reli ya Lodwar Inapita Sebuleni Kwangu

Ukitaka kuujua upweke, hamia Lodwar halafu upende magarimoshi. Ukipenda ngamia utapata wa kuzungumza naye mpaka usiku. Ukipenda mpira, Arsenal ina wafuasi wanaogombana hadi kule Kalokol ziwani. Ukipenda siasa, hutalala. Lakini thubutu kusema unapenda vichwa vya treni vya zamani, vile vya kuchemsha maji na kupiga moshi, uone. Watu wanakutazama usoni, halafu wanakutazama mikono, wajue kama umeanza kutetemeka.

Swali ni lile lile kila mara: "Uliyaonea wapi?" Hapo ndipo ninapokabwa koo, kwa sababu kaunti yetu ya Turkana haijapata kulazwa hata taruma moja la reli. Mkoloni alianza kujenga reli kutoka Mombasa mwaka 1896, akafika Nairobi 1899, akagota ziwani Kisumu mwaka 1901. Tawi la upande wetu likajikokota hadi Kitale mwaka 1926, likaitazama milima ya Pokot, likakaa chini. Mpaka leo limekaa. Kutoka pale kuja Lodwar ni kama kilomita 300, na serikali ya wakati ule haikuona mzigo wa kuleta huku isipokuwa wafungwa wake wa siasa. Hata Jomo Kenyatta aliwekwa Lokitaung, kisha mwaka 1959 akaletwa hapa Lodwar. Mahali pa kumficha mtu hapawekwi stesheni.

Jirani yangu, mzee wa heshima asiyeachana na ekicholong, kigoda chake cha mkononi, alinisikiliza nikieleza haya yote, akatema mate pembeni na kutoa hukumu. "Mwalimu, wewe unamlilia marehemu ambaye hakuzaliwa."

Sina jibu. Nilichonacho ni picha kichwani, kutoka Makumbusho ya Reli pale Nairobi, yaliyofunguliwa mwaka 1971. Wengine wakienda Nairobi wanatafuta viatu. Mimi huenda kusimama chini ya Mount Gelai, namba 5918, na kuinua shingo. Hili ni moja kati ya magarimoshi 34 ya aina ya Garratt ambayo kiwanda cha Beyer Peacock cha Manchester kilitengenezea Reli za Afrika Mashariki katikati ya miaka ya 1950. Kila moja lilipewa jina la mlima. Uzito wake unapita tani 250, urefu unapita mita 31, na lote hilo lilitembea juu ya reli zilizoachana kwa mita moja tu. Katika reli za upana huo, duniani kote, hakukuwa na kichwa cha moshi chenye nguvu kuliko hiki. Kilipandisha mizigo kutoka usawa wa bahari hadi Nairobi bila kuomba radhi.

Na hapa niruhusiwe kunung'unika kidogo. Kati ya milima yote hiyo, iliyobaki Nairobi ni miwili: Mount Gelai na Mount Shengena. Gelai uko karibu na Ziwa Natron. Shengena uko Upareni. Yaani Kenya imehifadhi milima miwili kwa gharama yake, na yote miwili ni ya Tanzania. Pembeni yake kuna kichwa kidogo kiitwacho Nyaturu, kwa sababu kundi jingine la magarimoshi lilipewa majina ya makabila. Wanyaturu nao ni wa Singida. Ninawapongeza ndugu zetu; wana watu wa kuwatunzia mali.

Basi, mtu aliyenyimwa reli hujijengea. Mhandisi mmoja wa visima vya mafuta vya kule Lokichar, kazi ilipopoa na wenzake wakafunga virago, aliniachia boksi. Ndani mlikuwa na kichwa cha garimoshi cheusi cha Kiingereza, mabehewa, na vipande vya reli vya kutosha kuzunguka meza ya kulia chakula. Meza hiyo sasa hailiwi chakula. Mke wangu ana maoni kuhusu jambo hili, na majirani wa pande zote nne wameyasikia.

Uwiano wa vitu hivi ni 1 kwa 76. Kila kitu cha kweli kimepunguzwa mara 76, na hivyo ndivyo Waingereza wanavyopenda. Wajerumani na Wamarekani wao hutumia 1 kwa 87. Nilikaa na kikokotoo usiku mmoja, na sikupata usingizi tena. Kutoka Lodwar hadi Kakuma ni kama kilomita 120. Ukigawa kwa 76, unahitaji reli ya kilomita moja na nusu. Nikimwambia mke wangu nahitaji kilomita moja na nusu ya reli ndogo, nitahamia mimi Kakuma, na kwa miguu.

Halafu nikagundua udanganyifu. Reli za boksi langu zimeachana kwa milimita 16.5. Zidisha kwa 76: unapata kama mita moja na robo. Sasa nauliza, hiyo ni reli gani? Reli yetu ya zamani ni mita moja kamili. Reli mpya ya SGR ni milimita 1,435. Hii yangu haiko huku wala kule. Nilidhani nimeibiwa, kumbe Waingereza wenyewe wanajua. Zamani mota hazikuenea ndani ya injini zao ndogo, wakakuza mwili wa treni na kuiacha reli vile vile, na wakaamua kuishi hivyo kwa karibu karne nzima. Ni watu wale wale waliotuchorea mipaka.

Jambo moja limenipa raha. Treni ya mezani hutumia umeme wa volti 12, ule ule wa betri ya sola. Ulaya wanalazimika kununua kifaa cha kuupunguza umeme wa ukutani. Mimi nachomeka waya mbili kwenye betri iliyo chini ya kochi, treni inaondoka. Nikizigeuza waya, inarudi kinyumenyume. Stima ya mji ikipotea, na hupotea, nyumba yote iko gizani lakini treni inatembea. Ugomvi ni kwamba betri hiyo hiyo ndiyo ya kuchaji simu, ya taa, na ya televisheni saa ya taarifa ya habari. Binti yangu Akiru amekwisha kutangaza kuwa katika nyumba hii treni ina haki kuliko watoto. Maneno hayo hakuyatunga mwenyewe, namjua aliyemfundisha.

Mengine yote ni mateso. Umeme wa treni unapita kwenye reli na kupanda kupitia magurudumu, kwa hiyo vumbi likikaa juu ya reli, treni inasimama. Na vumbi la Lodwar halina likizo. Kila jioni nafuta reli kwa pamba na spiriti. Muuzaji wa duka la dawa anauliza jeraha langu linaendeleaje, nami najibu linapona polepole, kwa sababu nikieleza ukweli ataniandikia dawa nyingine.

Na joto! Plastiki iliyoundwa kwa ajili ya sebule ya Uingereza haikuambiwa kuhusu nyumba ya mabati mwezi wa Machi. Stesheni yangu ilianza kuinama mchana mmoja, na kufikia alasiri ilikuwa inasujudu. Reli nazo zilirefuka, zikasukumana, zikainuka juu ya ubao. Hapo nikakumbuka kwa nini treni za zamani hulia tak-tak, tak-tak: mafundi waliacha nafasi ndogo kati ya kipande cha reli na kingine ili chuma kipate pa kwenda jua likiwaka, na gurudumu hubisha hodi kila linapovuka. Nami nikaacha nafasi. Sasa yangu inasema tak-tak mchana. Usiku kukipoa kidogo, inaangusha mabehewa.

Moshi ndio ulioniletea fitina. Garimoshi bila moshi ni aibu, na dawa ya moshi ya treni ndogo haiuzwi Lodwar. Nikaweka kipande cha ubani kwenye kifuniko cha soda, nikakifunga juu ya behewa la kwanza, nikazima taa. Ilipendeza. Moshi ulizunguka meza mara mbili, ukatoka dirishani, na asubuhi yake akaja mama mmoja wa mtaa wa pili kuuliza kwa sauti ya chini kama mganga bado yuko, na anatoza pesa ngapi.

Lakini wageni wa kweli walikuja baada ya habari kuenea kwamba mwalimu ameleta reli. Hapa ni lazima nieleze, kwa sababu neno hilo hapa kwetu lina uzito. Tarehe 2 Machi 2012, pale Lamu, Rais Kibaki alisimama na Salva Kiir wa Sudan Kusini na Meles Zenawi wa Ethiopia wakazindua mradi wa LAPSSET: bandari, barabara, bomba la mafuta, viwanja vya ndege, miji ya kitalii, na reli. Reli hiyo kwenye ramani inatoka Lamu, inapita Isiolo, inakuja Lodwar, inapanda hadi Nakodok mpakani na kuingia Juba. Mwezi huo huo ikatangazwa kwamba mafuta yamepatikana huku kwetu, kisimani Ngamia 1. Kwa wiki chache hivi sisi tulikuwa katikati ya dunia. Wapo waliokwisha kuchagua siti za dirishani.

Bandari ya Lamu ilianza kupokea meli mwaka 2021. SGR ilizinduliwa kati ya Mombasa na Nairobi mwaka 2017, ikafika Bonde la Ufa mwaka 2019, ikapumzika. Mafuta yetu ya majaribio yalikwenda Mombasa kwa lori. Reli ya Lodwar bado iko kwenye ramani, na ni ramani nzuri sana, ya rangi.

Kwa hiyo wazee waliposikia reli, walikuja na fimbo zao na vigoda vyao, wakaizunguka meza yangu, wakatazama kwa umakini ambao sijawahi kuuona kwenye mkutano wowote wa kukusanya maoni ya wananchi. Nikawasha. Treni ikazunguka. Walinyamaza muda mrefu. Kisha jirani yangu akanyoosha fimbo.

"Hapa inapopita, mifugo inavukia wapi?"

Nikasema hii ni ya kuchezea.

"Nimeona ni ya kuchezea. Mifugo inavukia wapi?"

Mwingine akauliza maji. Akasema amesikia treni za zamani zilikunywa maji, je, zingekunywa kwenye kisima gani, na zamu yao ingekuwa kabla au baada ya ngamia? Nilitaka kujibu kwa haraka, jibu likakwama. Garimoshi kubwa hunywa maelfu ya galoni. Nikataja yale maji ya chini ya ardhi ya Lotikipi yaliyotangazwa kwa shangwe mwaka 2013. Mzee akacheka mpaka akakohoa. Maji yale yalipopimwa vizuri yalikutwa na chumvi, na boila ya garimoshi huchukia chumvi kuliko hata sisi. Chumvi hugandamana ndani mpaka chuma kinaungua. Kwa hiyo, akahitimisha mzee, tungekuwa na mafuta tusiyoyatumia, maji tusiyoyanywa, na treni isiyokwenda. "Afadhali hii yako. Hii inakunywa jua."

Ni sifa ya kwanza niliyopewa tangu nianze.

Wakaendelea. Ikigonga mbuzi, nani analipa? Analipa kwa bei ya mbuzi aliyekufa au kwa bei ya watoto ambao angezaa? Dereva akikimbia, kesi inasikilizwa stesheni gani? Ardhi inayopitiwa ni ya jamii. Nani alitia sahihi? Nikatafuta, nikaona hakuna aliyetia sahihi isipokuwa mimi, na meza ni ya mama mkwe. Walipoondoka jioni waliniacha na mbuzi wa udongo waliofinyangwa na wajukuu wao, wamepangwa katikati ya reli, ili nijifunze.

Kakuma nilifikishwa na msiba. Niliagiza mabehewa mawili kupitia jamaa aliye Nairobi, akayatuma kwa basi la kampuni moja ambayo jina lake nalihifadhi kwa usalama wa figo zangu, na kifurushi kikafika Lodwar kikiwa na kilo mbili za misumari. Mwenye misumari, popote alipo, sasa anapigilia mabati kwa behewa la daraja la kwanza. Rafiki akaniambia: nenda kule kwenye kambi ya wakimbizi, kuna mafundi wanaotengeneza chochote kwa mikebe ya mafuta ya msaada.

Nilikwenda nikiwa na kiburi cha mjuzi, treni yangu mfukoni, nikitarajia kuwafundisha watu. Jamani. Kambi ile imekuwapo tangu 1992, na imekusanya watu kutoka nchi ambazo treni zilifika kabla ya hao watu kuzaliwa. Mama mmoja wa Kiethiopia anayeuza kahawa aliichukua injini yangu, akaigeuza, akaniuliza firimbi yake inasemaje. Nikapiga mluzi. Akatikisa kichwa kwa huzuni. Yeye ni mzaliwa wa Dire Dawa, mji ambao ulizaliwa na reli yenyewe ilipofika pale kutoka Djibouti mwaka 1902. Reli ya mita moja, ndugu ya yetu. Akapiga mluzi wa sawasawa, mrefu, wenye kona katikati. Wateja wake wawili wakainua vichwa.

Mzee mmoja kutoka upande wa Wau, Sudan Kusini, hakutaka kuishika. Nilidhani anaidharau. Baadaye kijana wake akanieleza kwamba wakati wa vita, treni ya jeshi iliyotoka Babanusa kwenda Wau ilitembea polepole na wapanda farasi wenye bunduki kila upande, na vijiji vya kando ya reli viliungua njia nzima. Kule kwao mluzi uliposikika, watu walikimbilia majini. Nikairudisha mfukoni. Nimezoea kuzungumza na watu ambao treni haikuwafikia. Sikujua la kumwambia ambaye ilimfikia.

Fundi mwenyewe ni Mkongo wa Kalemie, ambako babu yake alifanya kazi kwenye reli ya kwenda Kabalo. Nilimwonyesha picha ya Mount Gelai kwenye simu. Akaitazama kama dakika nzima. Nikaanza kueleza kwamba Garratt ni vichwa viwili vilivyobeba boila moja katikati, tangi la maji mbele, la mafuta nyuma, na kwamba imeunganishwa kwa viungo ili iweze kupinda...

"Papa, acha," akasema. "Hii ni lori ya trela mbili. Dereva amejificha katikati."

Nimesoma maelezo ya wahandisi. Hakuna aliyenieleza hivyo.

Tukakubaliana anitengenezee Garratt ya mikebe. Tatizo lilikuwa vipimo. Alitaka aje Lodwar aione meza yangu, apime kona kwa mkono wake. Lakini mkimbizi hatoki kambini bila kibali, na kibali kinahitaji sababu, na sasa jaribu wewe kuandika kwenye fomu: "Kwenda kupima reli ya sebuleni." Huyu ndiye mtu anayeijua reli kuliko Turkana nzima, na safari ya kilomita 120 imemshinda. Tukapimana kwa simu, mimi nimelala chali chini ya meza na tepu mdomoni, yeye akifoka kwa Kiswahili cha Kongo kwamba nusu ya kona nimesoma kwa inchi.

Garratt yangu imefika juzi, imebebwa juu ya magunia ya sukari. Sentimita arubaini na kitu za mikebe iliyokunjwa na kulehemiwa, viungo vimetengenezwa kwa bawaba za dirisha, na ubavuni, pale jina linapokaa, bado yanasomeka maandishi ya bluu ya mafuta ya kupikia, HAIUZWI, kwa Kiingereza. Mota ni ya feni ya kompyuta. Nimeiita Mlima Songot, ule ulio kule karibu na Lokichogio, kwa kuwa Tanzania imetosheka. Inavuta mabehewa yote, pamoja na chupa ya chai.

Ila haipindi. Inapinda, lakini si kwenye kona zangu. Inataka kona pana, na kona pana lazima itoke mezani, ipite juu ya kabati la vyombo, itoboe pazia na kurudi kupitia kitanda cha Akiru. Nimewasilisha ramani, nami nimeipaka rangi. Mke wangu ameisoma, ameikunja, akasema, "Baba Akiru, huu ni ukanda unaopita kwenye ardhi yangu," kisha akamwita jirani yule mwenye ekicholong aje awe shahidi.

Walikaa uani karibu saa nzima. Mimi sikuitwa, mwenye mradi haingii kwenye kikao cha waathiriwa. Walipotoka mzee alisoma masharti: kabati litapitiwa juu, si katikati, treni haitatembea saa ya taarifa ya habari, betri ya pili inanunuliwa na mimi, na fidia ni mbuzi wawili, wa kweli, wenye meno yote, wanaolipwa kabla ya msumari wa kwanza kupigwa. Nikasema kule kwingine fidia hulipwa baadaye. Mzee akasema anajua, ndiyo maana wameandika "kabla".

Misumari ninayo, kilo mbili. Natafuta mbuzi.